Jiwe la Bibi Limo Ndani ya Meli

Kirumba,
Mwanza.
9 Juni 2025

Mpendwa Mama Mdogo Evelina,

Shikamoo. Habari za Iringa na baridi yake? Mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia? Baba mdogo Luhende na viazi vyake hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila mimi siwezi kukaa kitako. Leo nimeunguza maharage mara mbili. Ningekupigia simu, lakini najijua, ningelia kabla sijasema neno.

Wiki mbili zilizopita akina mama wa jumuiya yetu tulikwenda kuitazama Nyota ya Nansio. Unaikumbuka, ile meli ya matanga aliyofanyia kazi marehemu baba, iliyokuwa ikileta mihogo na dagaa kutoka Ukerewe. Miaka mingi ililala ufukweni inaoza. Sasa wameitengeneza na kuifunga hapa Kirumba ikielea, imekuwa makumbusho. Unapanda kwa ubao, unaonyeshwa milingoti, tanga lenye viraka na jiko la mabaharia. Nisikudanganye, mimi nilifuata soda na kupiga picha.

Anayetembeza wageni ni mzee Pius, aliyekuwa baharia pamoja na baba. Akatushusha chini kabisa kuona farumi, yaani mawe yanayowekwa tumboni mwa meli isiyo na mzigo ili isipinduke. Mama mdogo, katikati ya yale mawe nikaliona jiwe la kusagia la bibi.

Usiseme nimelifananisha. Limelika upande mmoja, kwa kuwa bibi alisaga kwa mkono wa kushoto, na pembeni limemeguka pale ulipolidondoshea shoka ukiwa msichana. Hata mimi nimelisagia mtama. Wenzangu walipanda juu, mimi nikabaki pale na mzee Pius.

Nilipombana mzee Pius, akasema yote. Siku ile jiwe lilipopotea walikuwa wanaondoka bila mzigo, na nahodha alitaka mawe bapa yasiyoumiza mbao. "Masalu alikuja nalo begani," aliniambia. "Akasema, tukirudi nalirudisha kabla mke wangu hajajua." Mwanza hii yenye mawe mpaka yamebebana, baba akaenda kuchukua la jikoni!

Aliporudi baada ya wiki, wewe ulikuwa umeshaondoka kwenda Iringa kwa mumeo, na mama alikuwa ameshautangazia ukoo mzima kwamba umeiba jiwe la mama yenu. Baba akaogopa, akanyamaza. Akanyamaza mpaka tukamzika, na wewe hukuja mazishini kwa sababu mama alikukataza. Nilimpenda baba, lakini kwa hili nimemkasirikia, na siombi radhi kwa kusema hivyo.

Siku kumi na mbili nilizunguka na neno hili mdomoni. Naingia kwa mama, natoka. Naomba chumvi wakati ninayo. Nilimhofia, ana miaka sabini na tano na presha yake iko juu. Mwisho, juzi nikamwambia tu, "Mama, vaa twende melini." Magoti yake hayataki ngazi, lakini alishuka. Akainama, akaweka kiganja kwenye ule upande uliolika, akakipeleka mbele na nyuma kama anayesaga. Tangu ugomvi ule hakuwahi kutamka jina lako, kwake ulikuwa "yule wa Iringa". Juzi alisema, "Evelina. Jamani, Evelina wangu." Alilia mpaka wageni wengine wakatupisha.

Mzee Pius akaleta kadi. Wanataka kuandika jiwe ni la nani na lilifikaje mle. Nikashika kalamu, mama akaninyang'anya. "Acha," akasema. "Ataandika yule niliyemsingizia. Akitaka kumtaja Masalu, amtaje. Akitaka kunitaja mimi, anitaje." Kadi ipo juu ya jiwe mpaka sasa, haina hata herufi moja.

Najua miaka ishirini na sita si ya kufutwa kwa barua ya kurasa mbili. Ukikasirika, una haki. Lakini unamjua dada yako, hana ulimi wa kuomba radhi. Wanasema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, naye amechutama. Kazi yake sasa ni kufua shuka za chumba cha nyuma, anaanua, anafua tena zile zile. Nimemwambia zitachanika, hasikii.

Nisalimie baba mdogo, na ndugu zangu Yeremia na Ngosha, ambao natamani niwajue kwa sura. Elias, mume wangu, anasema shikamoo. Mungu aliyelitunza jiwe gizani miaka yote hiyo akutunze na wewe njiani.

Niishie hapa, maana mama amesimama mlangoni. Ananiuliza kwa mara ya tano leo basi la kutoka Iringa linafika saa ngapi.

Mwanao asiyetulia mpaka akuone,
Rose