Maua ya Mwambani, Juu ya Morogoro

Shikamoo Mama,

Nakuandikia miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Masika yamekwisha, na Jumamosi nawapeleka wanafunzi wangu milimani kuona maua ya mwitu, kwa hiyo leo mimi na mwalimu mwenzangu Anjela tulitangulia kuikagua njia. Ukungu ukatushukia, tukapotea kabisa. Tuliita mpaka akatokea mama mmoja wa Kiluguru, kapu la karoti kichwani.

"Mnatafuta nini huku, ndugu zangu?"

"Maua, mama."

Alicheka hadi akatua kapu. "Yanaliwa?"

Hata hivyo alituongoza hadi kwenye kijito. Mwamba mzima ulijaa maua madogo ya zambarau, yakichuruzika maji. Naye akasimama, akayatazama.

"Napita hapa kila siku nikienda shamba la kijiji," akasema, "wala sijawahi kusimama."

Alipoturudisha njiani tulimweleza habari ya wanafunzi na safari ya Jumamosi, na tulipoagana alitujazia karoti mikononi. "Jumamosi nitawangojea. Watoto wasije wakapotea kama nyinyi."

Basi Mama, usilie tena kwamba mwanao hana mtu huku ugenini. Wasalimie wote, nawe ulale salama.

Mwanao,
Rehema