Msimu Ukipita

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Nimechoka. Nimefagia godauni la Mzee Sadock peke yangu, tena. Mashine yake ya kusaga ilikufa zamani, lakini vumbi la unga halifi! Jengo katuachia bure, sharti tusipige kelele akilala mchana. Na mchana analala kila siku.

Klabu ya vijana tuliianza Juni. Mpira mmoja, unavuja. Bustani ya sukuma wiki—mbuzi wa watu wanaijua kuliko wanachama. Nilidhani vijana wa hapa wamekosa tu pa kukaa. Kumbe hata wakipata hawakai. Lakini leo wamekuja wengi, na mvua yote hii. Mseti kapakia wawili kwenye pikipiki yake. Tumekubaliana Jumamosi ijayo wachague mwenyekiti, nami nipumue. Sare za shule za watu zimejaa mezani, hazijashonwa.

Jumamosi, 9 Novemba

Wamemchagua Robi! Kura za siri, vikaratasi ndani ya sufuria. Robi, binti wa Mama Mokami, kamaliza kidato cha nne mwaka jana, katimiza kumi na nane Agosti. Ndiye aliyekwenda ofisi ya kijiji kutuombea kiwanja, wavulana wakiwa bado wanasukumana mlangoni nani aanze kuongea. Mseti kawa wa pili. Kapiga makofi, ila kwa ncha za vidole. Nimemwona.

Nimefika nyumbani nikalala na viatu.

Jumanne, 12 Novemba

Wazee wa mila wametangaza: tohara mwaka huu ipo, Desemba. Filimbi zimeshaanza barabarani, watoto wanarukaruka na matawi. Mimi nikisikia zile filimbi nafunga dirisha. Nilikatwa nikiwa na miaka kumi na tatu. Sikuulizwa. Mpaka leo hata Krismasi naila nimenuna. Basi, yatosha.

Jumamosi, 16 Novemba

Ugomvi. Nusu ya wavulana wamegoma kuingia ndani, wamekaa nje kwenye matofali. Nikawafuata. Nikamuuliza Mseti: kuna nini, mura, kijana wangu? Mseti kajibu kwa upole—ndicho kinachoniudhi, huwa mpole! Kwamba hana ubaya na Robi, Robi ana akili. Ila ni msagane, hajakatwa. Kwao hata lango la ng'ombe haruhusiwi kulifungua, sasa awafungulie kikao wanaume waliokwisha kutahiriwa? Watachekwa mpaka Sirari.

Nikawaka. Nimesema mengi, mengine siyaandiki hapa. Robi kasimama mlangoni, kasikia yote. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Kichwa kinanigonga, mvua inakuja, Mzee Sadock anafoka kutoka kitandani kwake kwamba tunamuua kwa kelele. Nikasema, jamani, basi. Tuliache kwanza hili. Msimu ukipita, Januari, Robi ataanza kazi yake. Sawa?

Sawa! Wote, papo hapo. Mseti kanishika mkono, eti dada Nice una hekima. Hata Robi kaitikia kwa kichwa. Nimeshangaa lilivyokwisha kirahisi. Nilitaka wapoe tu, filimbi zinyamaze, akili za watu zirudi.

Jumamosi, 23 Novemba

Kikao kizuri, hakuna aliyenuna. Mseti kambebea Robi ndoo za kumwagilia bustani. Mseti! Robi mwenyewe kimya mno. Sikuuliza. Kwa mara ya kwanza tangu Juni nimetoka pale bila kuumwa kichwa, sikutaka kuuharibu utulivu huo.

Jumatano, 27 Novemba

Uchaguzi wa serikali za mitaa. Foleni, jua, miguu imevimba. Wagombea wamepita na kusifiwa kwa kila kitu. Hakuna aliyeuliza nani kakatwa na nani hajakatwa. Nimecheka peke yangu, mama mmoja kaniangalia vibaya.

Jumatatu, 2 Desemba

Mama Mokami kaja na kitenge kipya. Anataka gauni la haraka, la sherehe. Sherehe ya nani, mama? Ya Robi.

Mguu umegoma kukanyaga cherehani. Mama wa watu ana furaha na aibu kwa pamoja. Anasema yeye na baba Robi walishaachana na jambo hilo, waliahidi mpaka kanisani. Bibi peke yake ndiye alikuwa akinung'unika. Lakini mtoto kataka mwenyewe. Kasema dada Nice alitamka mbele ya wote: msimu ukipita, ndipo uenyekiti.

Yesu wangu! Msimu ukipita. Huku kwetu, ukimwambia msichana ambaye hajakatwa maneno hayo, yana maana moja tu: akishakatwa. Na mimi nimezaliwa huku, nimekulia huku! Kila mtu pale alinielewa, isipokuwa mimi niliyesema. Nina hasira na mdomo wangu mpaka nashindwa kula.

Kitenge nimekirudisha.

Jumanne, 3 Desemba

Nimemfuata Robi kisimani. Nimemwambia nilikosea kusema, sikuwa na maana hiyo hata kidogo. Kanisikiliza kwa heshima zake zote. Halafu kauliza: "Wao je, dada, walielewaje?"

Nikainama kujaza ndoo yangu.

Anasema kachoka kuitwa msagane tangu darasa la tano. Anataka kuongoza, na anajua anaweza. Kama mlango ni huo, atapita. Nikamtajia nyumba salama. Eti kule wanapokea wanaokimbia, yeye hamkimbii mtu. Nikalia mimi. Yeye ndiye aliyenibembeleza, akanitwika na ndoo yangu.

Jumatano, 4 Desemba

Kijiweni kwa Mseti. Nilikwenda kugombana, nikajikuta nabembeleza. Anasema yeye hakumlazimisha mtu. Kweli, hakumlazimisha. Nani sasa kamlazimisha? Sisi sote na hakuna. Kaniuliza nataka afanye nini. Nimerudi kwa miguu, wenye pikipiki wote wamebeba matawi na filimbi.

Ijumaa, 6 Desemba

Ni kesho alfajiri.

Naandika nikiwa nyumbani kwao Robi, kwenye benchi nyuma ya jiko. Tangu asubuhi niko hapa, nimekuwa kama nzi, wananifukuza kwa macho. Shangazi zake wanapika, wanaimba. Mama Mokami hanitazami. Bibi kanijibu marahaba, basi.

Mchana Robi kanijia hapa hapa. Macho yamemvimba—kumbe hulia, ila kwa siri. Kasema neno moja ambalo nimelishika kama kamba: "Mseti aje aniite mwenyekiti mbele ya bibi. Akiniita, siendi."

Nimempigia Mseti, nimemweleza neno kwa neno. Akasema nakuja.

Kaja! Pikipiki kaiacha njiani, kaingia kwa miguu. Kamwamkia bibi shikamoo, na shangazi wote mmoja mmoja. Nyimbo zimesimama. Bibi kamuuliza, mura, umemfuata nani hapa?

Nimeitwa na dada Nice, kasema.

Mungu wangu, nimeshika kalamu ili nisimpige! Kapewa kiti, kakaa, anazungusha ufunguo kidoleni. Robi yuko mlangoni, anamwangalia. Bibi anawaangalia wote wawili, si mjinga yule. Mseti kakohoa. Kaomba maji ya kunywa.

Na aliyeingia kuyaleta ni Robi.

Anatoka na kikombe. Anapita katikati ya shangazi zake, polepole, maji yasimwagike. Mseti kasimama. Bibi na shangazi wako pale, na kasimama kwa ajili ya msagane. Kapokea kwa mikono miwili. Hajanywa, wala neno lile hajalitamka. Bibi kamwambia kunywa basi, mwanangu, unasubiri nini—