Nilikata Kulia

Nakivale, Jumatano, Novemba 2013

Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa, saa nane mchana, haijachoka. Barabara ya kwenda Kabingo imekuwa uji. Leo hakuna lori linalotoka hapa kambini kwetu wakimbizi, na kwangu ni sawa tu, kwa sababu lori nililokuwa nikipanda limelala ubavu tangu jana.

Nina moyo mchungu kama shubiri. Siku nyingine uchungu wangu huwa nina mtu wa kumtupia. Leo nimetafuta, simwoni.

Ninyi wachache mnaosoma ukurasa huu, ambao binti yangu Furaha alinifungulia ili nipunguze kuwachosha watu wa nyumbani kwa habari za malori, mnanijua kwa kujisifu. Nimewaandikia hapa namna ya kuwasha dizeli asubuhi ya baridi: geuza ufunguo nusu, subiri taa ya plagi izime, usikanyage mafuta kama mtu anayeua nyoka, kisha liache lingurume taratibu mpaka mshale wa upepo upande, maana breki za lori zinafanya kazi kwa upepo. Nimewaandikia namna ya kupita kwenye tope: gia ndogo, mwendo mmoja, usisimame katikati kufikiri. Nimewaandikia kwamba gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuushukia.

Yote hayo ni kweli. Jana nilikuwa nayo yote kichwani, na bado kuna mama amevunjika mguu, na kuna kijana amelala mahabusu.

Aliyesababisha ni mimi.

Hakuna anayejua isipokuwa kijana mwenyewe, na yeye hakuna anayemwamini.

Kule kwetu Kivu ya Kusini niliendesha malori miaka kumi na sita, kati ya Uvira na Bukavu, kwenye zile kona ambazo ukitazama chini unaona paa la lori la jana. Nilipokimbilia huku nilibeba leseni yangu ya Kongo ndani ya Biblia. Jogoo la shamba haliwiki mjini. Polisi wa kwanza kuishika aliigeuzageuza, akanirudishia, akaniuliza kama sina nyingine.

Bosi wangu, mfanyabiashara wa mahindi wa Kaberebere, akapata dawa. Akamwajiri Mwesigye, kijana wa Kabingo, aliyekuwa na leseni safi ya Uganda na hajawahi kuendesha hata trekta. Miaka mitatu tulifanya hivi: naendesha mimi kutoka kambini, tukikaribia kizuizi cha polisi nasimama nyuma ya kona, tunashuka, tunapishana mbele ya taa, yeye anakwenda kiti cha kulia, mimi cha kushoto. Anawapita polisi kwa gia ya kwanza, mgongo umenyooka kama bwana harusi. Kona inayofuata tunabadilishana tena. Leseni yake, kazi yangu.

Na njiani nilimfundisha. Hakuwa mzito wa kuelewa. Aliniita mwalimu, mkewe naye akalishika jina hilo hilo, mpaka wauza chai wa Kabingo wakawa wananiita hivyo. Nilijifanya sijali.

Mwaka huu polisi wakaanza kutokea kwenye kona ambazo hatukuzitegemea. Bosi akasema basi, Mwesigye aendeshe njia yote, kwenda Mbarara na kurudi, mimi nikae kushoto nimwangalie. Kumwangalia ni neno la adabu. Maana yake nifunge turubai, niweke jiwe nyuma ya gurudumu, nipokee magunia. Utanboi, na umri wangu miaka arobaini na tisa.

Nilimwonea wivu. Kila gia aliyoitia vizuri iliniuma. Mimi shemasi wa kanisa nilikuwa nikiomba kijana wa watu akosee, akosee kidogo tu, na bosi awepo aone.

Jana asubuhi kulikuwa na ukungu. Tulipakia mahindi, na akinamama watatu wakapanda juu ya magunia kama kawaida. Mmoja wao ni Mama Riziki, anayepeleka maharage Mbarara, anayeimba kwaya na mke wangu. Mwesigye aliwasha kama nilivyomfundisha. Taa ya plagi ikazima, injini ikashika, akasubiri mshale wa upepo bila kuambiwa. Sikupata la kusahihisha, na hilo lilinikera zaidi.

Tulipoipita Kabingo, kwenye ule mteremko mrefu, akatia nyutro. Madereva wengi wa huku hufanya hivyo, lori linateremka lenyewe na dizeli inabaki kwenye tangi. Nimemkataza mara nyingi sana.

"Rudisha gia," nikamwambia.

"Mwalimu, hii kilima ni kidogo tu."

Kilima kilikuwa kidogo, magunia yalikuwa mengi. Akakanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena. Nikasikia ile harufu ya breki zinazoungua. Akajaribu kuingiza gia ya tatu, ikakataa kwa kelele. Chini yetu, kwenye kona, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, na mwenye kuwachunga ametangulia mbele, fimbo mabegani, hana habari.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo uongo wangu ulipo.

Mwesigye hakupoteza akili. Alianza kulisogeza lori kushoto, pale barabara ilipokata kilima na kuacha ukuta wa udongo, ili ubavu uusugue ukuta mpaka tusimame. Nilimfundisha mimi: breki zikikutupa, tafuta kilima, usitafute bonde. Alikuwa anafanya sawasawa. Tungechubua rangi na kuvunja kioo cha pembeni, basi, safari ingeishia hapo.

Mimi nikaruka, nikashika usukani kwa chini, nikauvuta kwangu kwa nguvu zangu zote. Chini ya usukani ikaja kwangu, juu ikazunguka kulia, na lori likakata kulia.

Kongo tunapita kulia mwa barabara. Hatari ikija, mkono wa dereva wa kwetu unakimbilia kulia bila kuuliza, maana kushoto ndiko yanakotokea malori ya wenzako. Na mimi nilikuwa nimekaa kiti cha kushoto, ambacho kwenye malori niliyoendesha kule ndicho kiti cha dereva. Miaka kumi na moja ya Uganda ilifutika mara moja. Kulia kwa hapa ni upande wa wanaokuja, na baada ya wanaokuja ni bonde.

Huo ndio utetezi wangu. Nimeuandaa tangu jana, na ni utetezi mzuri, dereva yeyote wa Kongo atauelewa.

Lakini ule ukuta wa udongo ulikuwa unakuja upande wangu. Ulikuwa unakuja kwenye mlango wangu. Labda si Kongo iliyovuta usukani, labda ni woga wa mtu mzima aliyeona kifo kinamkaribia yeye kwanza. Au labda ni ule wivu, umengoja miezi yote hiyo upate nafasi ya kushika usukani. Nimejiuliza usiku kucha.

Lori lilivuka barabara, likaingia mtaroni, likalala ubavu juu ya mikaratusi. Hakukuwa na gari linalopanda. Hilo ni Mungu peke yake. Magunia yalimwagika, na akinamama wakamwagika nayo. Wawili waliinuka wakijipangusa. Mama Riziki alibaki ameangukiwa na gunia. Nilipoliondoa akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia kikapu:

"Baba Furaha, mguu yangu iko fasi gani?"

Mguu ulikuwepo. Ulikuwa umegeukia upande usio wake.

Askari walifika kwa pikipiki. Mmoja akauliza nani alikuwa kwa steringi.

"Ni mimi, afande," Mwesigye akasema. "Lakini huyu mzee alishika steringi, akavuta."

Askari akanigeukia. "Wewe ni dereva?"

Miaka mitatu nimegombana na kila mtu aliyeniita tanboi. Kuna mtu wa soko la Mbarara sisalimiani naye mpaka leo kwa ajili ya neno hilo.

"Hapana, afande," nikasema. "Mimi ni wa kubeba mizigo tu. Sikugusa kitu."

Ilitoka laini. Uongo huo ulikuwa na ukweli wa kuegemea: nyutro alitia yeye, leseni ni yake, kiti ni chake. Mwesigye hakupiga kelele. Alinitazama tu, akangoja, kama anavyongoja ninapomwacha akosee kwanza ndipo nimsahihishe. Wakamfunga pingu, naye bado ananitazama.

Nilimsindikiza Mama Riziki mpaka hospitali Mbarara. Daktari alisema hatalima msimu huu, na pengine hata ujao. Kabla hawajamwingiza ndani alinishika mkono akanishukuru kwa kumwondolea gunia. Akaniombea baraka, kwa jina langu, mbele ya wauguzi.

Niliporudi kambini habari zilikuwa zimenitangulia. Jirani yangu, Mkongo mwenzangu, alikuwa ananingoja mlangoni, amekunja mikono.

"Tulisemaka," akaniambia. "Banapendaka karatasi kupita kazi. Sasa baone." Alimaanisha Waganda na leseni zao.

Watu wakapita mmoja mmoja kunipa pole, na kila pole ilikuwa na sifa ndani yake. Kwamba lingekuwa mikononi mwa Baba Furaha lisingeanguka. Kwamba Waganda wangetusikiliza. Mimi nikatikisa kichwa kama mtu mnyenyekevu. Nyani haoni kundule, lakini mimi jana nililiona langu vizuri, nikalikalia.

Jioni bosi akapiga simu.

"Mzee, ile kijana imeniharibia gari. Kesho kutwa kuja, nakupa funguo ya lori ile ingine. Mambo ya paamiti ya kuendesha nitaongea na watu. Wewe ndiyo dereva yangu sasa."

Nimeingoja sentensi hiyo miaka kumi na moja. Nilimwambia ndiyo, bosi, asante, bosi. Mama Furaha alipika wali.

Nilimrudishia sahani ikiwa imejaa.

Haya yote ningeweza kuishi nayo, najijua. Nimeishi na mengi. Kilichonifanya nishike simu hii kuandika ni mgeni wa leo asubuhi.

Alikuja mke wa Mwesigye, kwa bodaboda, katika mvua hii, mtoto mgongoni amefunikwa nailoni. Alikuwa ametoka kituoni Kaberebere kumpelekea mumewe chakula. Nilipomwona mlangoni nikajua yamefika. Nikamkaribisha. Mke wangu akamtafutia kitenge kikavu na kumpa chai. Akakaa, akashika kikombe kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Hakuja kugombana. Alikuja kuniomba msamaha.

"Mzee, usikasirikie yeye," akasema. "Anasema wewe ulivuta steringi. Mimi nimemwambia hapana, mwalimu hawezi kufanya hiyo kitu. Ni woga tu inamsemesha. Tafadhali, sebo, mzee wangu, umsamehe."

Mke wangu alinitazama kwa fahari. Mvua ilikuwa inapiga bati, nami nilikuwa na nafasi yote duniani ya kufungua mdomo. Kosa lilikuwa langu, aliyelilipia ni mumewe, na aliyekuja kuliombea msamaha ni yeye, na nguo zinamdondoka maji.

"Nimemsamehe," nikasema.

Nilitamka hivyo. Nilimwekea na mkono begani. Akasema asante mara mbili, akamaliza chai, akamfunga mtoto upya, akaondoka. Kesho atakwenda tena kituoni kumwambia mumewe kwamba mwalimu hana kinyongo naye, na Mwesigye atalazimika kulisikiliza hilo kutoka kwa mke wake mwenyewe.

Tangu alipotoka nimekaa hapa. Nimejaribu kuomba, maneno yanakataa. Nimehesabu nitakachopoteza. Mkimbizi asiye na leseni, ameshika usukani wa lori lenye watu, kisha akadanganya polisi. Sina haja ya wakili kunieleza hiyo ni nini. Bosi hatanitaka hata kwa kufunga turubai. Furaha amebakiza mwaka mmoja wa shule. Mama Riziki ataufuta ule mkono alionishikia akiniombea baraka. Na jirani yangu aliyekunja mikono atapata habari mpya ya kusimulia, kuhusu Mkongo mmoja aliyejua sana.

Upande wa pili wa mzani yupo Mwesigye, ambaye alisubiri mshale wa upepo bila kuambiwa, na ambaye breki zilipomtupa alitafuta kilima. Nimefundisha mtu mmoja tu katika nchi hii, akafundishika, na nimemfunga kwa sababu hiyo.

Mama Furaha ameniuliza navaa viatu vya nini katika mvua hii. Nimemwambia nakwenda Kaberebere, polisi, kwamba usukani niliuvuta mimi. Amekaa juu ya kitanda. Mimi sijapata ujasiri wa kumtazama usoni.

Ameniambia ningoje kesho, angalau mvua ikatike, angalau nilale nifikiri.

Kesho siwezi. Kesho bosi ananipa funguo, na nikishazishika sitasema tena maisha yangu yote.