Ng'ombe Aliyekuwa Zizini Kwangu

Uyole, Mbeya
12 Agosti 1956

Dada yangu mpendwa Marta,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Shemeji Crispin naye, kikohozi kimemwachia? Mwambie apunguze kiko, maana hakuna dawa inayoshindana na moshi. Watoto wote nawabusu. Sisi tu wazima, na neno hilo leo naliandika kwa moyo wote.

Mwezi wa sita, dada, nilikaribia kukuandikia msiba. Ande, kitinda mimba wangu, alivimba miguu, nywele zikawa nyekundu, hataki kucheza wala kula. Lea, mwuguzi wa misheni, akasema viazi vitupu havimjengi mtoto, apate maziwa. Pale zahanati yalikuwapo maziwa ya unga, ya bure, lakini kwa masharti: apewe mtu asiye na mshahara wala ng'ombe. Nilifurahi. Mjane kama mimi nina nini?

Kumbe karani wao alishapita nyumba kwa nyumba, akaona ng'ombe zizini kwangu. Nikanyimwa.

Desturi yetu unaijua, hata kama Iringa imekuzoesha mengine. Yule ng'ombe ni wa mzee Asukile. Alimweka kwetu tangu Yotamu wangu yu hai, ili watoto wa ndugu zake wasije wakammaliza kwa kuomba mahari. Anayetunza hunywa maziwa na kufunga mdomo. Na maziwa yenyewe hayakuwapo, ng'ombe alikuwa na mimba kubwa, hakamuliki. Yotamu aliahidi kutomtaja mwenyewe, akafa na ahadi yake. Basi Lea aliponiuliza tena ng'ombe ni wa nani, nikanyamaza. Marta, nilinyamaza na mtoto anakwisha mgongoni! Nilijichukia.

Asukile alikuwa palepale kwenye benchi, na koti lake la viraka. Alimleta mjukuu kuchukua maziwa, maana kila mtu alimjua kuwa fukara. Akasimama.

"Ng'ombe ile ni yangu," akasema mbele ya watu wote. "Na ziko zingine, kwa watu. Mama huyu hana kitu. Mimi ndiyo mnifute."

Akarudisha kopo lake la maziwa mezani. Fukara wetu, kumbe ana ng'ombe kuliko chifu! Lakini hakuna aliyecheka. Nimesikia mahubiri mengi maishani, sijaona jambo kubwa kama lile.

Taabu yake haikukawia. Jioni ileile watoto wa ndugu zake walijaa uani kwake kila mmoja na shida yake, na baada ya siku chache mmoja akaja kumfungua ng'ombe kwangu akaenda naye. Zizi ni tupu. Lakini Ande alipewa maziwa ya zahanati, na sasa anakimbia, dada, na ameanza hata kuiba karanga zangu za mbegu!

Nilikwenda kwa Asukile nikapiga magoti, nikamuuliza kwa nini amejiharibia hivyo.

Nisalimie Esta na mama mkwe wako. Tusajigwe wa jirani anakukumbuka sana. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, awape mvua za wakati.

Jibu la mzee nimeliacha mwisho kwa sababu machozi hulowesha karatasi. Alisema, "Yotamu alitunza siri yangu mpaka kaburini. Mimi nishindwe kutunza mtoto wake?"

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Tupokigwe