Kibao Kimefunikwa kwa Kitenge cha Mama

Kigera, Musoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitikia kabla Masatu hajamaliza kulisoma neno lenyewe. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishiaga "eti?" na "unasemaje?" mpaka salio linakwisha, na ulisema mwenyewe kwamba simu ni ya watu wenye masikio. Masatu, mdogo wangu, soma polepole, usiruke, na ukifika mahali ninapokusema usipunguze ukali.

Goti linaendeleaje? Na tumbili wa pale mlimani, mihogo yako wameiacha mwaka huu au bado mnagombana nao? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Watu wakikucheka huko Kibara kwamba binti yako anaandika barua kama yuko ng'ambo, waambie kwamba mwenye mtoto wa kunyonya na duka la kufungua kila asubuhi, kwake hata Bunda ni Ulaya.

Kwanza kabisa, asante. Kifurushi kimefika. Kondakta alinipigia kutoka stendi, akasema, "Mama, njoo uchukue mzigo wako." Mimi nikadhani ni unga wa muhogo. Nilikifungulia dukani, nikakuta kitenge cha Mama, kile cha kijani chenye ndege, na ndani yake tupa yake ndogo ya kumalizia pete, mpini umezungushiwa uzi wa nyavu kama alivyouacha. Hakuna barua, hakuna neno. Baba, nililia mbele ya mteja. Yule mama akadhani nimeletewa msiba, akaanza kunipa pole, na mimi nashindwa kumweleza kwamba ni furaha.

Sasa nikueleze vizuri, maana namjua Masatu, habari anaifikishaga nusu.

Unakumbuka nilianza na meza moja pale sebuleni, naunga mikufu iliyokatika na kuyeyusha hereni kuukuu za watu. Kazi ilikuwa inakuja, lakini moto na watoto chumba kimoja ni kutafuta balaa. Neema anafanya kazi zake za shule hapa, tindikali iko pale, na wajina wako, Mafuru mdogo, mkono wake hautulii. Siku moja akameza hereni ya mteja. Tulimpeleka hospitali, daktari akasema itatoka yenyewe, nendeni mkasubiri. Tulisubiri, Baba, na ikatoka. Niliichemsha, nikaisugua, nikaichemsha tena, na mteja mwenyewe anaivaa kanisani kila Jumapili mpaka leo. Mimi nikiwa nyuma yake nashindwa kuimba. Magesa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema basi, duka litoke nyumbani. Mume wangu ana mdomo, lakini hapo alisema kweli. Akatoa alichokuwa ameweka kwenye biashara yake ya dagaa, tukapata fremu karibu na soko. Mungu ambariki. Ester nilimzaa tukiwa bado tunapaka rangi.

Nilitaka kibao kiandikwe Mafuru Sonara, kama kile chako cha Buhemba ulipokuwa unawatengenezea wachimbaji wa dhahabu pete za ndoa. Tulipokwenda kusajili tukaambiwa jina hilo lina mwenyewe tayari, mtu mwingine kabisa wa mkoa mwingine. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Neema akasema tuite Goldeni Kwini. Mafuru akataka tuite Simba. Magesa akasema tuite Hereni Tumboni, nikamnyima chai.

Mimi moyoni nilikuwa na jina moja tu, Nyanjura. Jina la Mama.

Nikamwambia mama mkwe alipokuja kutoka Butiama kumwona mtoto. Akambadilisha Ester bega, halafu akasema, "Jina la marehemu haliokotwi njiani, mwanangu. Mwenye mke yuko hai. Kaombe." Ndiyo nikampigia Masatu, nikamtuma kwako. Na Masatu akanirudishia jibu gani? "Mzee kasema amesikia." Nikamuuliza, amesikia halafu? Akasema alikuwa anachonga mpini wa jembe, akaendelea kuchonga. Masatu, wewe ni mtu mzima, ungeshindwa nini kusubiri mpini uishe?

Basi kibao kikatundikwa mlangoni, bluu, bila herufi hata moja. Mwezi ukapita, na mwingine. Fundi wa maandishi kila akipita ananiuliza, "Vipi mama, tuandike?" Namwambia bado. Watu wa sokoni wakaanza kutuita Bila Jina. "Pete nzuri umeipata wapi?" "Kwa Bila Jina pale." Na wateja wakazidi, amini usiamini. Magesa akasema kimya ni ndiyo, mwambie fundi amalize. Nikamjibu kwamba yeye kimya cha baba yangu hakijui.

Nilikuwa na hofu, Baba, na leo naisema. Nilidhani umeona nimelishusha jina lako nikaliweka kando kama chombo kilichotoboka. Wakati jina lako ndilo lililonisomesha na kunivisha, na wewe ndiye uliyenishika mkono na nyundo wakati wanaume wa Buhemba wanakuuliza msichana atafua nini. Sijasahau. Lakini unajua na mimi najua, watu walipokuwa wanasifia pete za Mafuru, walikuwa wanasifia ulaini wake. Na ulaini ulikuwa wa Mama. Wewe ulifua, yeye akamaliza, na kibao kilikuwa na jina moja.

Unakumbuka alivyokuwaga anapima. Anaikokota pete juu ya kitenge alichovaa, hapa gotini, taratibu. Ikinasa uzi, haijaisha, inarudi kwenye tupa. Hata mteja awe amesimama anasubiri, hata wewe umekasirika. "Ikinasa nguo itamkwaruza na mtoto akibebwa," alisema. Nilipokikunjua hiki kitenge dukani nikaona pale gotini nyuzi zimevutika, mistari midogo midogo imejaa. Kila mstari ni pete aliyoikataa. Umekitunza hivyo hivyo, hukukifanya shuka wala hukukigawa msibani. Ndipo nikaelewa umenijibu nini. Asante sana, Baba. Sina namna nyingine ya kuisema.

Tupa nimeshaitumia. Mwalimu mmoja wa Bunda anaoa, alikuwa ameweka oda ya pete mbili. Nimezimaliza kwa mkono wa Mama, nikazipima kwenye kitenge. Ya kwanza ilinasa. Nikairudisha.

Nisalimie shangazi, mwambie mafuta ya mgongo nitayatuma kwa kondakta huyo huyo. Nisalimie mchungaji, na jirani yetu muuza sangara, na mke wa Masatu anayekupikia. Kitambaa chake cha gauni nimeshakinunua. Neema, wajina wako na Ester wanakuamkia. Ester bado hajui kusema, amkio lake ni kelele tu.

Sasa neno langu la mwisho, na hapa Masatu usome kwa sauti. Tangu tumzike Mama hujavuka kwenda mbali zaidi ya shamba, na sikulaumu. Ila kibao kimeandikwa. Juu Nyanjura, chini yake Mafuru na Wanawe. Mama mkwe anasema jina litajwe mlangoni kwa mdomo wa mwenye nalo, na mwenye nalo ni wewe. Hakuna aliyekiona zaidi ya fundi na mimi. Nimekifunika kwa kitenge chake, na huku sokoni bado tunaitwa Bila Jina.

Magesa atakuja kukuchukua Jumamosi hii, na kiti cha mbele kwenye basi ameshakuwekea, goti lipate nafasi. Ukifika utakivuta kitenge wewe mwenyewe, taratibu, kama alivyokuwa anavuta pete. Pembe za kibao nimezipiga tupa. Kisiponasa, tutajua kazi imeisha.

Ni mimi binti yako wa nyundo,
Nyangeta