Taa Imezima, Hita Inawaka

Skive, 14 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na Mama anazidi kupata nguvu tangu atoke hospitali. Mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu hungeniacha nimalize, na najua Preben ameshakueleza kwamba binti yako alimfungia kiwanda cha mishumaa msimu huu wa Krismasi. Ni kweli. Nilimfungia.

Wiki tatu zilizopita nta katika pipa la tatu ilianza kufuka moshi. Taa ya paneli ilikuwa imezima, kila mtu akaamini na hita imezima. Kumbe rilei inayoiwasha na kuizima hita ilikuwa imeungua ndani kwa ndani na kushikana, hita inawaka mfululizo. Dorthe, yule mama anayemimina nta, alikimbilia kufunika pipa. Nta ikamrukia mkono wa kulia, kiganja hadi kiwiko.

Rilei hizi za kielektroniki si kama zile za zama zako zilizokuwa zinalia kila zikifanya kazi. Hazina vyuma vya kugusana na kuachana. Hata ukizizima, umeme kidogo hupenya, na zikifa, mara nyingi hufa zikiwa zimewasha. Huwezi kuziachia hita peke yazo. Lazima uweke kontakta ya kukata umeme kabisa, na kipima joto cha pembeni cha kuiamuru ikate.

Preben aliniletea rilei mpya, akataka niifunge vilevile. Nikamwambia sifungi.

"Wewe Solvej, unanifundisha kazi? Taa ikizima, umeme hakuna."

"Basi shika hizo nyaya."

Hakushika. Akasema ataita fundi mwingine kutoka Viborg. Ndipo nilipozima swichi kuu, nikaitia kufuli langu, ufunguo nikauficha ndani ya soksi. Watu kumi na wanane wakakaa kunywa kahawa, naye akazunguka uani akipiga simu, ya kwanza kwako. Saa nane mchana akakubali kuagiza kontakta za mapipa yote sita, na karatasi ya kunifukuza kazi akanipa papo hapo. Ufunguo nilimkabidhi fundi wa Viborg jana, baada ya kuona kwa macho yangu kontakta zimefungwa.

Sasa lile ambalo Preben hakukuambia, kwa sababu linamgusa na yeye. Paneli ya pipa la tatu niliifunga mimi, mwezi wa Aprili. Kontakta ilikuwa haijafika, yeye ananihimiza, na mimi nilitaka aache kuniita binti wa Eskild, aniite fundi. Nikaunga hita kwenye rilei peke yake, nikatia sahihi kwamba kila kitu kimekaguliwa. Nilimwambia Dorthe hospitalini, uso kwa uso. Akasema, "Afadhali wewe umekuja."

Utasema nitanyang'anywa cheti. Wakinyang'anye. Dorthe nimemwomba radhi, Preben simwombi, na sitaki mtu aniombee kwake.

Msalimie sana Mama, na Shangazi Inger akipita. Wakaguzi wa umeme nao nimewaandikia yote, Aprili ikiwemo. Barua yao niliiposti jana, ili hii ikikufikia usiwe na nafasi ya kunizuia.

Akupendaye,
Solvej