Dunia Nayo Huvuta Jua

Aule, nilisikia kicheko cha darasa zima kabla sijafika mlangoni. Halafu nikasikia beti zangu. Mwalimu Githinji alikuwa anazisoma kwa sauti, zile zile nilizotunga nisome siku ya wazazi.

"Jua lavuta dunia, dunia haina nguvu."

Lori la kwenda Merti linapakia, naandika barua hii haraka likuletee.

"Karibu, Lomuria," Mwalimu akasema aliponiona. "Nani alikudanganya? Dunia nayo huvuta jua, kwa nguvu ile ile."

Ile ile, Aule. Nikamuuliza, "Kwa hivyo mbuzi na ngamia wakivutana hivyo, wako sawa?"

"Sawa kabisa. Ngamia husogea kidogo kwa sababu ni mzito. Jua, dunia, mwezi, vyote vinavutana, na ukijumlisha nguvu hizo zote unapata sifuri. Kundi zima haliwezi kujisogeza popote." Kisha akanirudishia karatasi. "Shairi hili halisomwi. Wazazi wataicheka shule."

Peris, ninayekaa naye dawati moja, alikuwa amejificha nyuma ya daftari, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Nimekosea, sawa. Lakini tangu utoto tunaambiwa mkubwa huvuta na mdogo hufuata, na mimi nikaamini mpaka nikatungia beti. Mimi Lomuria, Aule! Kumbe hata kokoto moja ya Merti inalivuta jua.

Sikukaa. Nilichana ile karatasi mbele yao, nikamwambia, "Mwalimu, siku ya wazazi nitasimama na shairi jipya. Dunia italivuta jua sawasawa, na wewe utanipigia makofi."